Sonda Asinywe Yale Maji

Mwezi uliopita mjukuu wangu Neema alibatizwa mjini Bariadi, kwenye kanisa lenye vigae na feni. Nyuma ya mimbari wamejenga birika la saruji, lina ngazi tatu za kushukia, na maji yake meupe unaona mpaka chini. Akazamishwa, akatoka, akapewa taulo. Nilimkumbatia akiwa bado anachuruzika, na pua yangu ikawa inatafuta kitu isikipate. Alinukia dawa ya maji na taulo jipya. Ilinichukua mpaka tumefika nyumbani kujua nilichokuwa natafuta. Nilikuwa natafuta tope.

Kwetu sisi mtu aliyebatizwa alinuka lambo, bwawa la kunyweshea mifugo. Tope, majani yaliyooza, na mavi ya ng'ombe kwa mbali. Gauni la marekani likikaukia juani linakuwa gumu kama ngozi, na ile rangi ya udongo haitoki hata ulifue mara ngapi. La kwangu lilikaa na rangi ile mpaka likachanika, tukalifanya vitambaa vya kushikia vyungu.

Ninyi mliozaliwa wakati mmoja na mimi, hasa mliolelewa na Wabaptisti wa zamani, mnajua mambo yalivyokuwa. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Nkoma, na kanisa letu lilikuwa la udongo, na viti navyo vya udongo, vimejengewa humohumo. Kucheza mbina, ngoma yetu ya Kisukuma, ilikuwa dhambi. Kusimama mbali ukaangalia mbina, dhambi. Pombe, shanga kiunoni, hirizi, kutukana ng'ombe wakati wa kulima, vyote dhambi. Aliyekutwa na moja ya hizo alitengwa, anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango miezi na miezi, haimbi, hagusi meza ya Bwana. Pamba ikishavunwa na ngoma zikaanza kushindana uwanjani, baba alikuwa anatufungia ndani tuimbe tenzi kwa sauti kubwa ili tusisikie. Lakini ngoma inapita ukutani, jamani. Mdomo wangu ulikuwa unaimba utenzi na kidole gumba cha mguu wangu kinajibu ngoma chini ya kanga.

Baba yangu, Luhende, alikuwa shemasi. Mchungaji wetu aliitwa Mathayo. Alikuwa mrefu, amevaa koti jeusi hata jua liwe la namna gani, na akikutazama unaanza kukumbuka vitu ulivyofanya ukiwa mdogo, hata kama bado u mdogo. Hakuwa mtu mbaya. Mtoto akiugua ndiye alikuwa wa kwanza kufika na baiskeli yake. Ila alikuwa mkali, na sisi watoto tulikuwa tunadhani Mungu naye anavaa koti jeusi.

Kaya ya pili kutoka kwetu ilikuwa ya Guku Masunga. Guku ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita babu. Alikuwa mzazi wa baba, na hakuokoka. Alikuwa na hirizi mkononi, alikuwa anakunywa pombe yake ya mtama bila kujificha, na ujanani alikuwa mwimbaji wa mbina anayejulikana mpaka Lalago. Baba alimheshimu, lakini alikuwa anaomba kabla ya kwenda kumsalimia na anaomba tena akirudi. Guku mwenyewe alikuwa anacheka. "Luhende mwanangu," anasema, "mbona unaninawa kama mtu aliyeshika samaki?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mama yangu, Nyanzobe, alifariki mdogo wangu Jilala akiwa na wiki tatu. Mtoto akabaki hana ziwa. Guku akasema, "Kwani ng'ombe hawapo?" Alikuwa na ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe kipajini, aitwaye Sonda, maana yake nyota. Maziwa ya Sonda yakawa ya Jilala, asubuhi na jioni. Sengi Kwandu, dada yake baba, alikuwa anayachemsha na kumnywesha kwa kijiko. Kila mtu kwenye kaya alikuwa na zamu ya kumbeba yule mtoto. Mimi nilikuwa naikwepa zamu yangu. Nachota maji, naokota kuni, natafuta kazi yoyote.

Sikuwa mvivu. Siku ya kumzika mama, watu wazima walikuwa wanafarijiana, wanasema Mungu ametwaa mmoja na kutuachia mmoja. Mimi nilikwenda nyuma ya kihenge cha mtama, na nikasema kwa sauti, neno kwa neno: "Si angechukua huyo." Hakuna aliyenisikia isipokuwa mbuzi. Lakini nilisema. Na tangu siku hiyo nikimwona Jilala anafungua mdomo kulia nadhani anataka kunisema.

Mvua zilipokwisha na lambo limejaa, baba akaniandikisha darasa la ubatizo. Nilikuwa na miaka kama kumi na moja, mdogo kuliko wote. Mchungaji Mathayo mwenyewe ndiye alikuwa anafundisha, kila Jumamosi baada ya saa tisa. Siku ya mwisho akatuambia hivi, nakumbuka mpaka alivyoshika fimbo yake: "Mtaingia majini na dhambi zenu. Mtatoka bila dhambi. Dhambi zote mtaziacha mle, mle majini, hamtazibeba tena."

Wengine wakasema amina. Mimi nikapatwa na baridi. Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naulizwa kila siku kama ng'ombe wamekunywa, na nilijua wanakunywa wapi.

Jioni ileile tuliungama mbele ya kanisa, mmoja mmoja, kama ilivyokuwa desturi. Tulikuwa tisa, na nawakumbuka wote. Mzee Ngassa alisema alisogeza mpaka wa shamba la jirani, hatua tatu. Mama Holo alipika pombe wakati wa palizi. Limbu, fundi baiskeli, alichanjwa dawa ili ashinde kwenye mbina. Maduhu alitia mchanga na maji kwenye pamba ili mzigo uwe mzito kwenye mizani. Nkwimba alikimbilia ngomani mama yake akiwa mgonjwa. Kulwa na Doto, mapacha, waliiba viazi vikavu vya jirani, michembe, na wakaungama kwa pamoja kama walivyoila. Minza, rafiki yangu, akasema amewahi kunichukia mimi kwa ajili ya utepe wa nywele, na watu wakaguna kwa kuzuia kicheko. Mimi nikasema nililamba malai ya maziwa. Mchungaji akaniangalia.

"Hayo tu, mwanangu?"

"Hayo tu, Mchungaji."

Unaona nilivyolificha lile la kihenge. Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa hivi: mpaka wa Mzee Ngassa, pombe ya Mama Holo na mchanga wa Maduhu vitaingia lamboni kesho. Sonda atakunywa. Maziwa yatatoka, na Jilala atayanywa. Hayo ya wengine labda angeyastahimili, mtoto hawezi kusogeza mpaka. Lakini lile langu lilikuwa limesemwa juu yake yeye mwenyewe. Likimfikia tumboni si litafanya lile nililoliomba? Mungu angenijibu kwa kuchelewa, kupitia kwa ng'ombe.

Jumapili asubuhi tukaandamana kwenda lamboni, tumevaa meupe, tunaimba. Kulikuwa na makubaliano ya zamani kati ya kanisa na wafugaji: siku ya ubatizo mifugo inangoja, kwa sababu ng'ombe wakiingia kwanza maji yanakuwa uji. Guku Masunga hakuwa mtu wa kanisa lakini makubaliano alikuwa anayatunza kuliko washirika wengine. Nikamwona amesimama juu ya tuta, mgolole begani, fimbo mbele ya ng'ombe wake. Sonda alikuwa wa mbele kabisa. Amenyoosha shingo, ananusa maji, analalamika kwa kiu.

Mchungaji Mathayo akavua koti. Hiyo ndiyo siku pekee tulikuwa tunamwona bila koti. Akaingia mpaka kiunoni, baba akasimama ukingoni kupokea watu. Mzee Ngassa akazamishwa, akatoka akipiga chafya. Na pale alipotoka, wallahi nasema kweli ingawa Mbaptisti haapi, nikaona kwa macho yangu wingu la rangi ya kahawia linapanda kutoka chini na kutanda. Mpaka wa shamba ule. Mama Holo akazama, wingu likaongezeka. Limbu. Maduhu, wingu kubwa zaidi. Mtu mzima angesema ni miguu inatibua tope. Mimi sikuwa mtu mzima. Nilikuwa naona dhambi za watu ninaowajua kwa majina zinasogea polepole kwenda upande aliosimama Sonda.

Minza akatoka, anatetemeka, anacheka. Nikabaki mimi.

Nikaingia mpaka magotini, nikasimama.

"Njoo, ng'wana Luhende," Mchungaji akasema, yaani mtoto wa Luhende.

Sikwenda.

"Njoo, maji si baridi."

"Sitaki."

Wimbo ukafa. Baba akasogea, akasema kwa sauti ya chini ile inayotisha kuliko ya juu, "Usinitie aibu mbele ya kanisa la Mungu." Nikasikia mama mmoja ukingoni anamwambia mwenzake, "Huyo ana pepo, tangu mama yake afe hana raha." Mwingine akasema, "Shemasi asiyeweza nyumba yake ataliweza kanisa?" Baba alilisikia. Niliona shingo yake ilivyokaza. Akaingia majini na viatu vyake vya pekee, akanishika mkono. Nikalia na kujitupa nyuma. Baba alikuwa ananivuta kwenda kwa Mchungaji na mimi navuta kwenda nchi kavu, kama ndama anayepelekwa kwenye josho.

"Luhende." Ilikuwa sauti ya Guku. Ameshuka kwenye tuta, ng'ombe amewaachia mwenzake. "Mwachie. Mtoto anayelia hivyo ana neno."

"Baba, hili ni jambo la kanisa."

"Na huyu ni mjukuu wa nani?"

Baba akaniachia. Guku akaingia majini, mgolole unaelea, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Alinuka tumbaku na samli. "Haya, mayu," akaniambia. Mayu ni mama; ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. "Nani amekukosea?"

"Sonda atakunywa," nikasema.

"Kila siku si anakunywa?"

"Dhambi ziko humu. Mchungaji amesema zinabaki majini."

Guku akageuza kichwa polepole. "Mchungaji, ni kweli? Zinabaki humu?"

Mchungaji Mathayo alikuwa bado amesimama katikati, mikono inachuruzika. "Ni kwa namna ya kusema, Mzee Masunga."

"Mbona hamkuniambia? Miaka yote hii mnaniwekea ng'ombe nje ya maji ili myatie uchafu kwanza, halafu ndiyo mnaniita, njoo mzee, zamu yako!"

Watu wakacheka, hata Mama Holo na kilemba chake kinachochuruzika. Guku hakucheka. Alikuwa amenitazama.

"Na wewe una dhambi gani ya kumuua ng'ombe? Malai?"

Nikamnong'oneza sikioni. Nikamwambia yote, mbuzi, kihenge, na neno lenyewe. Nikamwambia Sonda akinywa Jilala atakufa, na nitakuwa nimemuua mimi.

Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka. Mkono wake ukapanda ukakaa nyuma ya kichwa changu, na nilipomtazama macho yake yalikuwa yamelowa. Nyanzobe alikuwa mkwewe, lakini alikuwa anamwita binti. Mpaka leo nafikiri huenda na yeye alisema neno kama langu, mahali fulani, nyuma ya kihenge chake.

"Sasa sikia," akasema. "Ingia. Liache hapo, usitoke nalo. Ukishatoka, kabla Sonda hajasogea, nitakunywa mimi. Nitalinywa mimi lote."

"Utakufa, Guku."

"Aa! Mimi nimekula mangapi! Tumbo hili limekula mpaka nyama ya fisi mwaka wa njaa. Litashindwa na neno la kitoto?"

Nikaenda. Mchungaji Mathayo akanishika mgongoni na mkono wa pili kifuani, akasema maneno yake, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali. Nikazama. Chini mle kulikuwa na giza la kahawia na sauti ya damu yangu mwenyewe. Sikuliona lile neno likitoka, lakini nililisukuma kwa nguvu zangu zote. Nikatoka nimejaa tope puani.

Na Guku hakungoja. Alisogea palepale nilipotoka, ambapo wingu lilikuwa bado linapanda, akainama, akachota kwa viganja viwili, akanywa. Akachota tena, akanywa. Mara ya tatu akalamba na viganja. Mzee wa hirizi, mlevi, mcheza mbina, amesimama katikati ya watu waliovaa meupe anakunywa maji yetu machafu. Akajifuta ndevu.

"Yana chumvi kidogo," akasema. Halafu akaniuliza kwa sauti ya wote kusikia, "Bado lipo?"

"Halipo, Guku."

"Basi ng'ombe wangu wana kiu."

Akapanda tuta kwenda kuwaita. Baba alikuwa amesimama na viatu vyake majini, anamtazama mzazi wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mchungaji Mathayo alitoka majini, akachukua koti lake, na akarudi nyumbani amelishika mkononi. Njia nzima hakulivaa.

Jioni ile Guku alimkamua Sonda, akanipa kibuyu mimi badala ya sengi Kwandu. "Leo ni wewe utakayemnywesha," akasema. Sengi akachemsha, yakapoa, nikampakata Jilala kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Nikaweka kijiko mdomoni, nikamtazama koo. Akameza. Nikangoja. Akanitazama, akapiga kijiko kwa ulimi, anataka kingine. Nilimnywesha na huku nalia, na sengi akadhani moshi.

Darasa lililofuata la ubatizo alikuwepo mdogo wake Minza, ndiye aliyenieleza: Mchungaji hakusema tena dhambi zinabaki majini. Alisema yupo anayezichukua. Na akawa na desturi mpya ya kupitia kwa Guku Jumatatu, baiskeli yake imeegemezwa kwenye zizi, wanazungumza habari za malisho na mvua. Watu wakajua anamvuta aokoke. Kila mwaka lambo likijaa anamuuliza, na kila mwaka Guku anamjibu jibu moja: "Wewe, mimi nimeshayanywa. Niingie kufanya nini tena?"

Ila hofu yangu haikwisha kama ninyi mnavyodhani. Ilihamia kwake. Guku akikohoa, nasikia lile neno langu. Akichelewa kuamka, nakimbia kwenda kuangalia. Nilikua, nikaolewa Kasoli, nikazaa, nikajua vizuri kabisa kwamba tope ni tope. Na bado kila niliporudi nyumbani nilikuwa naangalia kwanza tumbo lake.

Akaja kuugua ugonjwa wa uzee. Nikaitwa. Nilimkuta kwenye ngozi yake, amekuwa mdogo kama mtoto, ila macho yaleyale. Nikamsalimia, nikakaa, na sikuweza kujizuia, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni.

"Guku," nikasema, "si yale maji?"

"Maji gani?"

"Ya lambo. Uliyokunywa kwa ajili yangu."

Akanitazama usoni. Kisha mbavu zikaanza kutikisika, nikafikiri ndiyo mwisho, kumbe ni kicheko kinatafuta njia ya kutokea. "Mayu, umebeba hiyo mpaka leo? Yale nilishayakojoa siku ileile! Kabla ng'ombe hawajafika zizini!"

Nilicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Nilicheka na kulia, kitu kikanitoka kifuani ambacho hata lambo halikukitoa.

Mlango ukafunikwa na kivuli cha mtu. Ni Jilala, amekuwa kijana wa mabega, anainama asigonge kichwa. Ndiye aliyekuwa anakamua siku hizo, uzao wa Sonda. Ameshika kibuyu kwa mikono miwili, maziwa bado yana povu.

"Guku, unywe yakiwa ya moto," akasema. "Na ninyi mnacheka nini?"

"Mambo ya kanisa," Guku akamjibu. Akanionyesha kwa kidevu. "Mpe dada yako anywe kwanza."

Jilala akanipa. Nikanywa.